Kwa nini kina hupotea mashine inapowashwa: mitandao iliyomo ndani ya boti ya uvuvi

Fungua kifuniko kilicho chini ya usukani wa boti yoyote ya uvuvi wa burudani iliyotia nanga Mtwapa, Watamu au Msasani, uchungulie kwa tochi. Utakuta fungu la nyaya lililozungushiwa tepu nyeusi: nyembamba, nene, na nyingine zimekatwa na kuachwa zikining'inia tangu redio ya zamani ilipong'olewa. Mwenye boti atakuonyesha ipi ni ya GPS na ipi ni ya fishfinda, kile kifaa kinachoonyesha kina cha maji na samaki walioko chini. Fundi rewaya aliyeitwa kutoka gereji atafuata rangi, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, na kila kitu kitawaka. Kikishawaka, kazi imekwisha. Siku boti ikiwa nje ya mwamba, nahodha anawasha mashine ya pili, skrini inazimika na kuanza upya, mahali pa kina panabaki vistari vitupu, na lawama zote zinaiangukia kampuni iliyotengeneza skrini.

Mara nyingi skrini haina kosa. Ndani ya fungu lile hamna mfumo mmoja, mna minne iliyopitishwa tundu moja: umeme wa betri, mtandao wa ujumbe mfupi mfupi, mtandao wa picha, na kebo za mawimbi zinazokwenda kwenye antena na kwenye transduza, kile kifaa kinachopiga mlio majini na kusikiliza mwangwi wake. Kila mmoja una masharti yake. Waya wa umeme haujali kama umeunganishwa katikati au mwishoni. Mtandao wa ujumbe unajali sana. Kebo ya mtandao wa picha unaweza kuikata na kuitia plagi mpya. Ya transduza usiiguse kwa kisu. Anayezitenganisha hizi nne kichwani kabla ya kushika koleo ameshamaliza nusu ya kazi, na miezi ya kusi kali, boti nyingi zikiwa zimepandishwa nchi kavu, ndiyo nafasi nzuri ya kuifanya.

Umeme kabla ya skrini

Boti nyingi ndogo zina betri moja inayobeba kila kitu. Starta ya mashine ya nguvu za farasi 150 inapozunguka huvuta zaidi ya ampea mia, na kwa muda huo mfupi betri iliyokuwa na volti 12.6 inaweza kuanguka hadi 10 au chini yake. Skrini ya siku hizi ni kompyuta. Volti zikipungua kupita kiasi hujizima, kisha huanza mwanzo: kuwaka, kutafuta setilaiti, kusubiri vifaa vingine vijitambulishe. Ukinunua skrini ya bei kubwa zaidi itazimika vivyo hivyo. Kinachotakiwa ni betri ya pili kwa ajili ya vifaa peke yake, isiyoguswa na starta, pamoja na relei ya kuchaji inayoziunganisha betri mbili mashine ikishaanza kuzalisha umeme na kuzitenganisha inapozimwa.

Kosa la pili halionekani kwa macho, nalo ni waya mwembamba. Chukua boti ya futi 26, betri ziko tezini, usukani uko katikati, na waya una urefu wa mita 5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu ni mita 10. Vifaa vyote vya pale mbele vikivuta ampea 10 kupitia waya wa milimita 2.5 za mraba, ule ule unaowekwa kwenye soketi za nyumba, karibu volti 0.7 zinaishia njiani. Hiyo ni takriban asilimia 6 ya volti 12, na kipimo ambacho mafundi wa boti hukubali kwa vifaa vya usalama ni asilimia 3. Weka waya wa milimita 6 za mraba na upotevu unashuka hadi volti 0.3. Tofauti ya bei kwa mita chache hizo si kitu ukilinganisha na bei ya skrini, lakini ndiyo inayoamua kama redio itasema kwa nguvu zake zote siku betri imechoka.

Waya wenyewe uwe wa shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu kwenye hewa ya chumvi huanza kuwa nyeusi, halafu kijani, na kutu hiyo haikai kwenye ncha tu: huingia ndani ya ganda la plastiki kidogo kidogo, hata ukikata sentimita 10 ili upate sehemu nzima bado unakutana na nyuzi zisizong'aa. Kusokota nyaya mbili na kuzifunga tepu ni kazi ya nchi kavu. Baharini unatumia kiungio cha kubana kwa koleo maalum, chenye ganda lenye gundi ndani linalosinyaa likipata joto. Na fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na kifaa. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya usishike moto, na sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina wa kuilinda; ikiwa sehemu hiyo ni ya sentimita 15 hatari ni ndogo, ikiwa ni ya mita 4 iliyopita chini ya sakafu karibu na tangi la petroli, hapo pana mchezo mbaya.

Transduza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. Mteja ananunua skrini ya inchi 12, halafu transduza inawekwa popote palipo na nafasi.

Sauti katika maji ya bahari husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye Mkondo wa Pemba chini ni mamia ya mita. Mlio ukishuka mita 600 na kurudi umechukua sekunde 0.8, na boti inayovuta chambo kwa noti 8 imeshasogea zaidi ya mita 3. Kinachorudi ni mwangwi dhaifu sana, na adui yake mkubwa ni hewa. Viputo vikipita chini ya uso wa transduza, sauti haivuki. Ndiyo maana fishfinda inayosoma vizuri boti ikiwa imesimama hupoteza chini mara tu mashine ikiongezwa mafuta: kasi imeleta viputo.

Kwa transduza inayofungwa nje, kwenye ubao wa tezi, tazama kwanza maji yanakotoka. Usiifunge nyuma ya mbavu za chini ya boti, tundu la kuvutia maji, safu ya misumari au kitu chochote kinachochana maji. Boti ya mashine moja ambayo propela yake inazunguka kuelekea kulia, ukiitazama kutoka nyuma, hufaa transduza ikae upande wa kulia, ambako mapanga yanashuka, na iwe mbali na eneo la propela kwa angalau milimita 75. Boti nyingi zina umbo la V chini, kwa hiyo kwa transduza za kutoboa kuna aina ambazo kioo chake ndani kimelazwa kwa nyuzi 12 au 20 ili mlio uelekee chini wima hata kama ubavu umeinama. Ukikosea hapo, samaki unaowaona hawako chini yako, wako pembeni.

Boti ya mbao ina sharti lake. Ubao ukikaa majini unavimba, na shingo ya plastiki inaweza kupasuka kwa kubanwa. Kwa mbao, tumia ya shaba nyeusi. Boti ya alumini ni kinyume: shaba nyeusi ikigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini inaliwa. Tumia plastiki au chuma kisichoshika kutu. Kwa boti ya faiba, tatizo ni lile tabaka la povu au mbao nyepesi lililowekwa katikati ya faiba mbili. Ukitoboa na kukaza nati bila kuliondoa tabaka hilo pembezoni mwa tundu na kujaza epoksi, litabonyea, maji yatapenya, na baada ya miaka michache una sakafu iliyooza ndani kwa ndani.

Wapo wasiotaka kutoboa kabisa. Transduza ya kugandishwa ndani ya boti hupiga mlio kupitia faiba, na hufanya kazi mradi faiba iwe nzima bila povu katikati na epoksi isiwe na viputo. Unapoteza nguvu kiasi, na haiwezi kupima joto la maji. Kwa anayewafuata jodari kwenye mpaka wa maji ya joto na baridi, hilo la pili ni hasara kubwa kuliko la kwanza.

Kuhusu masafa: kilohezi 200 huonyesha mambo madogo madogo kwenye maji mafupi, kilohezi 50 hufika mbali lakini picha yake ni nzito. Transduza za aina ya CHIRP hazipigi mlio wa sauti moja, bali mlio wake hupanda kutoka masafa ya chini hadi ya juu kwa mpigo mmoja, kwa mfano kilohezi 42 hadi 65, na kompyuta hulinganisha kilichotoka na kilichorudi. Faida yake utaiona samaki wawili wakiwa karibu karibu: badala ya doa moja unapata mawili. Mvuvi wa kutupa chambo juu ya mwamba wa mita 40 hahitaji transduza ya kilowati moja. Anayetega chini kabisa mita 400 anaihitaji, na hakuna programu itakayomwokoa akinunua ndogo.

Baraza la vifaa

Sasa tuuangalie ule mtandao wa ujumbe mfupi mfupi. Mwaka 1983 chama cha Marekani cha wafanyabiashara na mafundi wa elektroniki za baharini, NMEA, kilitoa kanuni iitwayo NMEA 0183. Kifaa kimoja kinasema, vingine vinasikiliza, na maneno yenyewe ni maandishi ya kawaida yanayoanza kwa alama ya dola, kwa kasi ya biti 4,800 kwa sekunde. Bado ipo kwenye boti nyingi, hasa zenye redio za zamani: waya mwembamba wa rangi ya bluu, mwingine wa kijivu, na kila kampuni na rangi zake. Ukitaka vifaa viwili viseme, unahitaji vifaa vya kupatanisha katikati. Hapo ndipo lile fungu la nyaya lilipoanzia.

NMEA 2000, iliyotoka mwaka 2001, ilibadilisha mpangilio. Ndani yake kuna teknolojia ya CAN, ambayo kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliibuni miaka ya 1980 kwa ajili ya magari. Hapa hakuna msemaji mmoja. Ni baraza: kila aliyekaa anasikia kila kinachosemwa, kila mmoja anaweza kusema, na wawili wakifungua kinywa kwa pamoja, mwenye jambo la dharura zaidi anaendelea huku mwingine akinyamaza na kusubiri zamu, bila neno la yeyote kuharibika. Kasi ni biti 250,000 kwa sekunde. Kila aina ya ujumbe ina namba yake. 128267 ni kina cha maji. 129025 ni mahali boti ilipo, na hutangazwa mara kumi kwa sekunde. 127488 ni mizunguko ya mashine. Skrini inayotaka kina haimuulizi mtu. Inasubiri 128267 ipite, inaichukua.

Umbo lake ni kebo kuu moja iliyonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, na matawi yanayoshuka kwenye kila kifaa kupitia viungio vya T. Si duara, wala si nyota yenye kebo zote kukutana kituo kimoja. Tawi lisizidi mita 6, na matawi yote kwa jumla yasizidi mita 78. Kwa kebo nyembamba zinazotumika kwenye boti ndogo, kebo kuu inaweza kufika mita 100, urefu ambao boti ya futi 30 haitaukaribia hata ikizungushwa mara mbili. Vifaa visizidi 50. Umeme wa mtandao huingia kupitia T moja tu, wenye fyuzi na swichi yake, kutoka betri ya vifaa.

Sasa lile ambalo mafundi wengi wa rewaya hawajaambiwa. Kila ncha ya kebo kuu lazima ifungwe kwa kizibo chenye ukinzani wa omu 120. Viwili, basi. Bila vizibo, ujumbe ukifika mwisho wa kebo unagonga na kurudi nyuma, unaukuta ujumbe mwingine unakuja, na vifaa vinaanza kusikia makelele. Jambo la kuudhi ni kwamba mtandao mdogo wenye kizibo kimoja mara nyingi hufanya kazi. Unafanya kazi gatini, unafanya kazi wiki nzima, halafu unaongeza kifaa cha tano na kina kinaanza kuja na kupotea. Mwenye boti anaapa kwamba kifaa cha tano ni kibovu.

Kipimo chake hakihitaji kompyuta. Zima umeme wa mtandao, chukua multimeta ya kawaida, chomoa tawi moja na upime ukinzani kati ya pini ya waya mweupe na pini ya waya wa bluu. Vizibo viwili vya omu 120 vikiwa sambamba hutoa 60. Ukisoma 60, mambo shwari. Ukisoma 120, kizibo kimoja hakipo au kebo imekatika mahali. Ukisoma 40, kuna mtu ameweka cha tatu, pengine ndani ya kifaa chenye kizibo chake cha kuzaliwa. Kisha washa umeme na upime nyekundu kwa nyeusi kwenye T iliyo mbali zaidi na panapoingia umeme. Mtandao unataka kati ya volti 9 na 16, lakini mimi nikiona chini ya 11.5 mashine ikiwa imezimwa naanza kutafuta kiungio chenye kutu. Kipimo hiki kinachukua dakika tano na kinajibu zaidi ya nusu ya malalamiko ya "vifaa vimegoma".

Kampuni zina tabia ya kubadilisha plagi. Raymarine ina SeaTalkng, ambayo ndani ni NMEA 2000 ile ile lakini plagi ni yake. Kebo ya kubadilishia ipo. Mashine za Yamaha, Mercury na Suzuki zina mitandao yao, na ili mizunguko, joto na matumizi ya mafuta yaonekane kwenye skrini kuu unahitaji kisanduku au kebo ya daraja inayolingana na mashine hiyo hiyo na mwaka wake. Usikate plagi ya mashine na kusokota nyaya kwenye mtandao. Waranti ya mashine ni ghali kuliko daraja.

Mtandao ukishasimama, kunabaki fitina ndogo mbili. Ya kwanza ni ya boti zenye mashine pacha. Kila mashine inatakiwa ipewe namba: ya kushoto 0, ya kulia 1. Zote zikiachwa na 0, saa ya mizunguko kwenye skrini inarukaruka kati ya 800 na 3,200 na nahodha anadhani mashine inakohoa. Ya pili ni vyanzo viwili vya habari moja. Skrini ina GPS yake ndani, antena ya juu ya paa ni GPS nyingine, redio ya kisasa ina ya tatu. Vyote vinatangaza 129025. Ingia kwenye mipangilio uchague chanzo kimoja kiwe kikuu, cha juu ya paa kikiwa bora, na vingine vibaki akiba. Usipochagua, skrini itachagua yenyewe, na siku moja itachagua vibaya.

Picha zina njia yake

Swali linaloulizwa kila mara: nimeweka skrini ya pili kule juu kwa nahodha, nimeiunganisha kwenye NMEA 2000, napata namba ya kina, mbona sipati picha ya samaki?

Kwa sababu picha haipiti humo. Biti 250,000 zinatosha kwa namba. Picha ya sona (ile inayochorwa kwa mwangwi wa transduza), rada inayozunguka na ramani za kushirikiana huhitaji Ethernet, ile ile ya maofisini yenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, iliyovikwa plagi zisizoingiza maji. Na hapa kampuni hazielewani. Rada ya Garmin haitaonekana kwenye skrini ya Raymarine hata ukitengeneza kebo nzuri namna gani, wala Simrad haitasoma sona ya Furuno. Namba za kina, mahali na mwelekeo zinavuka mipaka ya kampuni; picha hazivuki. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: skrini, rada na sona viwe vya nyumba moja, na hapo usibembeleze bei. Kifaa cha kupima mafuta, dira ya kielektroniki, AIS (kifaa cha kujitambulisha kwa vyombo vingine) na redio vinaweza kutoka popote mradi vina NMEA 2000. Mwenye skrini mbili huunganisha kebo moja kati yao; mwenye skrini mbili na rada mara nyingi anahitaji kisanduku cha kugawia, nacho kina waya wake wa umeme unaosahaulika kila mara.

Rada kwenye boti ya uvuvi haipo kwa ajili ya ukungu peke yake. Manahodha wazuri huitumia kutafuta ndege: kundi la ndege wanaotumbukia maili 3 au 4 mbele, ambalo macho hayajaliona, huonekana kama vumbi linalohama, na chini yake mara nyingi kuna jodari. Ila ukitaka picha ya rada ilale sawasawa juu ya ramani, unahitaji dira ya kielektroniki. GPS inajua boti inaelekea wapi ikiwa inatembea. Ikisimama haijui omo imetazama upande gani. Dira hiyo iwekwe chini na katikati ya boti, angalau mita moja kutoka spika za muziki, mota, chuma na kebo za betri. Spika ina sumaku kubwa ndani. Nimeona boti ambayo usukani wake wa kujiendesha ulikuwa unapinda kushoto kila muziki ukipandishwa, kwa sababu nyaya za spika na dira zilifungwa kibano kimoja. Baada ya kuifunga, boti huzungushwa polepole mizunguko kadhaa mahali pa maji matulivu ili dira ijipime. Watu wengi huiruka hatua hii.

Redio ndiyo mwisho wa mambo yote

Ukiniuliza ni ujumbe gani mmoja kati ya yote yanayopita kwenye mtandao ninaoupa thamani kubwa, si kina wala mafuta. Ni ule wa mahali boti ilipo kuifikia redio ya VHF.

Redio za siku hizi zina kitufe chekundu chini ya kifuniko kidogo. Ukikishika kwa sekunde kadhaa, redio inatuma wito wa dharura wa kidijitali, DSC, kwenye chaneli 70: mimi ni fulani, niko hapa, nahitaji msaada. Hiyo "niko hapa" haitoki hewani. Inatoka kwenye GPS ya ndani ya redio, au kwenye mtandao. Na "mimi ni fulani" ni MMSI, namba ya utambulisho wa redio yenye tarakimu 9. Za Kenya huanza na 634, za Tanzania na 674 au 677. Namba hiyo huombwa kwa mamlaka za nchi pamoja na leseni ya redio, na huingizwa kwa uangalifu, kwa sababu redio nyingi hazikuruhusu kuibadilisha mwenyewe ukishakosea. Boti nyingi zina redio nzuri ambayo haijatiwa namba wala kuunganishwa na GPS. Kitufe chekundu kipo, lakini hakina cha kusema, na kituo cha uratibu wa uokoaji kule Mombasa hakitajua pa kutafuta.

Kebo ya antena nayo ina mambo yake. Ile nyembamba ya RG-58 hupoteza zaidi ya thuluthi ya nguvu katika mita 10. RG-213 nene hupoteza chini ya robo. Redio inatoa wati 25 na sheria haikuruhusu zaidi, kwa hiyo ulichonacho ndicho hicho: usikiache njiani. Kimo cha antena kina uzito kuliko nguvu. Antena mbili zilizo mita 4 juu ya maji zinaonana kwa takriban maili 9 za baharini, na wati nyingi haziwezi kuupinda mgongo wa dunia.

Halafu kuna taa. Taa za LED za bei nafuu, zile za kuning'iniza chini ya paa na za staha, zinaweza kutoa kelele za redio. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu LED zinazovuruga VHF na AIS, pamoja na njia rahisi ya kupima: zima taa, weka redio kwenye chaneli tulivu, punguza skwelchi (kidhibiti cha kunyamazisha mvumo wa redio) hadi usikie mvumo, ipandishe kidogo hadi ukimya, kisha washa taa. Mvumo ukirudi, taa hiyo inaiziba redio masikio. Itoe.

AIS ya daraja B hutuma jina, mahali na mwendo wa boti yako kwa meli zinazoingia Kilindini au Dar es Salaam, kwa wati 2 au 5, na kukuonyesha zao kwenye ramani. Inatumia masafa ya VHF, kwa hiyo inataka antena yake yenyewe au kigawanyaji kilichotengenezwa kwa kutuma, si kile cha televisheni.

Siku ya kujaribu

Kabla ya kwenda nje, washa vifaa vyote gatini, kisha washa mashine ukitazama namba ya volti kwenye skrini. Skrini isipepese. Bonyeza redio izungumze kwa wati 25 kwenye chaneli ya kazi, si 16, na umeme usishuke zaidi ya nusu volti. Angalia uso wa redio: latitudo na longitudo zipo, na zinafanana na za skrini. Chomoa GPS kuu uone kama ya akiba inachukua nafasi, kisha irudishe.

Ukitoka, panda kasi polepole kutoka noti 5 hadi 25 ukitazama kina, na uandike kasi ambayo chini inapotea. Ikipotea kwenye noti 12, transduza imekaa juu mno au iko kwenye povu. Ishushe milimita 5, ujaribu tena, si zaidi kwa mara moja. Zungusha dira. Funga usukani wa kujiendesha kwa noti 7 ukiwa na bahari ya pembeni, kwa sababu hapo ndipo kazi yake halisi itakapokuwa, mishipi minne ya kuvuta chambo ikiwa majini.

Kisha, mikono ingali michafu, bandika karatasi yenye jina kwenye kila ncha ya kila kebo, chora kebo kuu na T zake kwa mpangilio, panapoingia umeme, vizibo viko wapi, fyuzi ipi ni ya nini, ampea ngapi. Piga picha ya mchoro huo, umtumie nahodha kwenye simu, na wa karatasi uutie kwenye plastiki nyuma ya mlango wa usukani, ambako fundi atakayekuja baada yako atauona kabla hajaanza kukata.